Dakika Nne za Kinyozi Kuramochi

Dirishani kwa kinyozi Kuramochi Shuzo hakukuwa na picha za vijana wenye nywele za kupendeza, kama ilivyo kwa vinyozi wengine. Kulikuwa na magari kumi na moja ya zimamoto, mekundu, kila moja linaenea kiganjani, yamepangwa pua zikitazama barabarani. Hata gari la kweli, lile la kikosi cha kujitolea cha kijiji cha Kamisawa, huegeshwa hivyo bandani mwake: pua nje, ufunguo mahali pake, tayari kuondoka. Na dereva wake kwa miaka ishirini na sita alikuwa Shuzo.

Gari lenyewe ni dogo. Mgeni akiliona hucheka, akadhani limetengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya watoto. Lakini vichochoro vya Kamisawa vimebanwa na kuta za mawe, na lile gari kubwa la mjini huchukua dakika ishirini na tano kufika, na likifika hukwama darajani. Dogo linapita. Kwa hiyo moto ukitokea Kamisawa, wa kwanza kufika ni wao: kinyozi, mtu wa posta, muuza mafuta ya taa na wenzao.

Vigari vya dirishani Shuzo alivinunua vikiwa vipande vipande ndani ya maboksi. Unafungua, unakuta vipande mia na zaidi vya plastiki vimeshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja, unasugua, unapaka rangi, unavishika kwa kibano, unaunga kwa gundi. Wengi hufuata karatasi ya maelekezo, wakafurahi, yakaisha. Shuzo hakuwa mtu wa hivyo. Ngazi ikiwa imepinda kwenye gari la kweli, ilipinda na kwenye la mfano. Siku Hoshina alipolikwaruza kwenye nguzo ya hekalu, mkwaruzo ule nao ukachorwa, na Hoshina, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa kikosi, mpaka leo hajaupenda. Kila mwanakikosi anayestaafu hupewa kigari kimoja, na wapo waliolia wakikipokea.

"Siku ukifa," mkewe Noriko alikuwa akimwambia, "nitawaambia huko kwenye tanuru la maiti wakuchome pamoja na hicho kibano, maana hamuachani."

Jumatatu moja ya Februari, siku ambayo vinyozi wote huko hufunga, Noriko alikuwa mjini na Shuzo alikuwa dukani peke yake, amefunga madirisha kwa ajili ya baridi, akimalizia kigari cha Sugawara wa posta, aliyekuwa anastaafu mwezi wa Machi. Harufu ya rangi na gundi ilikuwa nzito kiasi kwamba nyumba ya jirani ingeweza kuungua asijue. Ndivyo ilivyokuwa.

Kilichobaki ni jina la kikosi milangoni. Herufi zake hukaa juu ya karatasi maalumu. Unailoweka majini, inalainika, herufi zinaanza kuteleza, halafu una dakika chache tu za kuziweka mahali pake. Ukizubaa zinajikunja na kuchanika, basi tena. Herufi za Kamisawa haziuzwi popote. Shuzo alizichora mwenyewe, na ilikuwa imebaki seti moja.

King'ora kilipolia, jina lilikuwa nusu mlangoni, nusu kwenye kibano.

Tusimpambe. Alikisikia. Akajiambia kwamba Februari watu huchoma majani makavu, king'ora hulia, wanakwenda, wanakuta mzee mmoja na reki yake anaomba radhi. "Mara moja tu," akasema kwa sauti, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Akaliweka jina la mlango wa kwanza, akalinyoosha kwa brashi. Angeishia hapo tungesema ni binadamu. Lakini jina la mlango wa pili lilikuwa limeshalainika majini, na gari lenye jina upande mmoja ni kichekesho. Akaliweka na la pili. Aliponyanyua macho kutazama saa ya ukutani, dakika nne zilikuwa zimekwenda.

Alikimbia mpaka bandani huku anavaa koti. Sugawara na wenzake wawili walikuwa wameshavaa kofia, wamekaa ndani ya gari. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Ufunguo haupo?" Shuzo aliuliza akihema.

"Upo, kaka," Sugawara akajibu.

"Sasa?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe."

Wote watatu wana leseni, na wote wamefanya mazoezi ya lile gari. Ila kiti kile kilikuwa cha Shuzo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyekuwa na uso wa kukikalia mwenyewe akiwa hai na anaishi hatua sabini kutoka pale.

Moto ulikuwa kwa Bibi Yanase Fumi, mjane wa miaka sabini na minane, nyumba ya pili nyuma ya kinyozi. Nguo zilizoanikwa juu ya hita ya mafuta ya taa zilikuwa zimedondoka. Walipofika, jiko lilikuwa limeshika, lakini chumba cha mbele, chenye madhabahu ndogo ya kumkumbuka mumewe marehemu, kilikuwa bado kizima. Walikunjua mipira ya maji haraka kuliko siku zote za mashindano ya vikosi. Pampu ikanguruma, maji yakaja, na papo hapo, mbele ya macho ya Shuzo, moto ukavuka kizingiti ukaingia chumba kile. Waliuzima. Nusu ya nyumba ilibaki. Picha ya mume, kibao cha jina lake na madhabahu yote vilikuwa majivu.

Bibi Fumi alisimama barabarani na ndoo tupu, akimwinamia kila mtu. "Nimewasumbua. Nimewasumbua sana." Alipofika kwa Shuzo aliinama zaidi. Shuzo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Toka siku hiyo hakulala vizuri. Kigari cha Sugawara alikimalizia bila kukitazama sawasawa. Wateja walikaa kitini wakamsifu kwa namna alivyoshika ule mpira, naye akawa anawanyoa kimya mpaka wakadhani anaumwa. Kisha ikaja habari iliyommaliza kabisa: kwenye mkutano wa kikosi wa mwezi wa Machi, Jumapili, angepewa hati ya shukrani kwa miaka ishirini na sita ya utayari. Utayari, ndivyo walivyoandika.

Hoshina alipokuja kunyolewa ndevu, Shuzo akapiga moyo konde.

"Mkuu, siku ile ya moto nilichelewa."

"Wapi?" Hoshina alikuwa amejaa povu mpaka masikioni.

"Kwa Bibi Yanase. King'ora kililia nikiwa nabandika herufi. Nikamaliza kwanza. Dakika nne."

"Mimi nilikuwa chooni. Dakika sita."

"Nasema kweli, Mkuu."

"Na mimi nasema kweli. Una wembe kooni mwangu, nikudanganye ili iweje?" Hoshina alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. "Hati zimeshachapwa, Shuzo. Meya ameshatia sahihi. Wewe njoo na tai, basi."

Kuna watu ukiwapelekea aibu yako wanakurudishia kama vile umesahau mwavuli kwao. Shuzo aliendelea kunyoa.

Huko kwao, nyumba iliyotoa moto ndiyo inayozunguka kuomba radhi. Bibi Fumi, ambaye sasa alikuwa amehifadhiwa kwa mpwa wake, alipita nyumba kwa nyumba na maboksi ya keki za maharage matamu. Kwa kinyozi alikuja mara mbili, na mara zote mbili Shuzo, mtu mzima wa miaka sitini na moja, alijificha nyuma ya kabati la taulo na kumwachia Noriko ampokee. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, Noriko hayupo, na mlango ulikuwa wazi.

"Leo nimekukuta," alisema Bibi Fumi. Akaweka boksi kwenye kiti cha wateja, akaanza kuinama.

"Usiiname, Bibi, nakuomba." Shuzo alimzuia kwa mkono. "Mimi ndiye wa kuomba radhi. Nilikisikia king'ora. Sikuondoka. Nilikuwa pale mezani nabandika jina kwenye kigari. Ningeondoka palepale, chumba cha mzee kisingeungua. Alichomwa siku ya mazishi, na mimi nimekuchomea mumeo mara ya pili."

Alikuwa amelisema. Alingoja atukanwe, na kwa kweli alitaka atukanwe.

Bibi Fumi alikaa kitini, kando ya boksi lake, akatazama mikono yake.

"Najua ulikuwa mezani," akasema. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Kabla ya king'ora. Moto ulipoanza ulikuwa mdogo, pazia tu na nguo. Nikasema nikimpata Shuzo peke yake atakuja na ndoo, tutauzima, kijiji kisijue. Mjane wa Yanase kuchoma nyumba kwa uzembe, kupigiwa king'ora! Nikaja mbio mpaka dirishani hapo. Umeinama na kibano chako. Nikasema akiinua kichwa tu, nitamwambia. Nikahesabu mpaka kumi. Hukuinua. Nikahesabu tena."

"Si ungegonga kioo, Bibi!"

"Niliona haya." Alisema kwa sauti ndogo. "Siku yako ya kupumzika. Na ulikuwa umetulia hivyo. Nikarudi kubeba maji mwenyewe. Jirani ndiye aliyeona moshi. Waliponihoji nikasema nilikuwa nimesinzia."

Shuzo alikaa chini kwenye sakafu, penye vipande vya nywele vya juzi. Kama angeinua kichwa. Mara moja tu, kutazama nje.

"Jumapili sitaipokea ile hati," alisema mwishowe. "Nitasimama niwaambie wote."

"Usifanye hivyo, mwanangu." Bibi Fumi alimshika mkono wa shati. "Ukianza kuhesabu dakika mbele za watu, na wao watahesabu. Watauliza za kwako, halafu watauliza za kwangu: toka pazia lishike mpaka king'ora, kikongwe huyu alikuwa wapi? Nimebakiwa na miaka michache ya kupita barabara hii. Niache nipite."

Jumapili Shuzo alifunga tai. Ukumbi ulijaa, meya akasoma maneno yote, hadi neno utayari, taratibu na kwa sauti ya juu. Sugawara akapiga mluzi. Bibi Fumi alikuwa mstari wa pili, ameinamisha macho, anapiga makofi na wengine.

Shuzo alipokea kwa mikono miwili. Akainama chini kuliko inavyotakiwa, akakaa hivyo muda mrefu, kwa sababu hakujua atainuka na uso gani. Na watu ukumbini wakanong'onezana kwa furaha, wakasema mtazameni Shuzo wetu, hata akisifiwa hana majivuno.