Mlango wa Tanuri

Nilipokwenda kwenye kiwanda cha chai, juu ya Lushoto, kujifunza kukagua matumizi ya nishati, nilikuwa na kipimajoto kipya, daftari, na kiburi cha kutosha kiwanda kizima. Kazi yangu ilikuwa kutafuta joto linapopotelea. Nilikagua mabomba yasiyofunikwa, nikasikiliza mvuke ukivuja kwenye maungio, nikapima kuni kwenye mizani kabla hazijaingia motoni. Niliipenda kazi hiyo, siwezi kukana.

Aliyelisha tanuri la boila alikuwa mzee wa rika la baba yangu, Msambaa kama mimi. Kila asubuhi nilimwamkia, nikasimama pembeni na kuandika. Nikaona anaacha mlango wa tanuri wazi muda mrefu kabla ya kuongeza kuni. Vitabu vyangu vilisema mlango wazi ni joto linalotupwa. Nilitaka kumuuliza sababu, lakini sisi tumelelewa kwamba mtoto hamsimamii mtu mzima kazini kwake akamhoji. Basi nikanyamaza kwa adabu, kisha kwenye ripoti nikaandika: uzembe wa mlisha tanuri. Adabu gani hiyo, mpaka leo najiuliza.

Nilisifiwa. Mzee alikuwa kibarua tu, kumwondoa hakukuhitaji hata barua. Akawekwa mwingine, aliyefunga mlango kama nilivyoelekeza.

Masika yalipoanza nikarudi kupima, nikitegemea kukuta kuni zimepungua. Zilikuwa zimeongezeka. Moshi ulikuwa mzito, mvuke hafifu, na majani ya chai yalichelewa kukauka. Nikazunguka siku nzima ndipo nikaelewa. Banda la kuni lilikuwa linavuja, na kwa ukungu wetu ule gogo halikauki lenyewe. Mzee alikuwa akipanga magogo mabichi mbele ya mlango ulio wazi, yapate joto kwanza ndipo ayatie motoni. Na magogo hayo niliyaona kila siku. Nilikuwa nikiyaruka nikipita, nikilalamika moyoni kwamba mzee hajui kupanga vitu vyake.

Nikaandika ripoti ya pili na kukiri kosa. Meneja akanijibu kwamba nafasi imeshajazwa. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshazaliwa.

Nikapanda hadi kijijini kwa mzee, nikamkuta akipalilia kabichi. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikamwambia sikumuuliza kwa sababu niliogopa kumvunjia heshima.

Akaegemea jembe lake, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wamekuja wengi pale na vipimo vyao," akasema. "Wageni wa mbali, hawajui hata kunisalimu. Sikuwategemea. Lakini wewe ulipokuja nilifurahi, mwanangu. Nikasema huyu ni wa nyumbani, huyu ataniuliza."