Mwenye Shamba

Bibi Mwalimu, mmisionari Mkalvini kutoka Ujerumani, hakuwa na mume, lakini mambo ya waume aliyajua yote. Kila asubuhi, kola yake imekakamaa kwa wanga, aligonga meza kwa subana ya kushonea na kusema kwa sauti ya puani: "Mwanamke mwema hapandishi sauti. Mume ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye shamba." Wasichana wakaitikia huku wakidarizi vitambaa vya meza, nao makwao milimani Uluguru hawakuwa na meza. Mwaisha, aliyekaa mbele, alijiuma mdomo asicheke. Huyo huyo aliyehubiri unyenyekevu alimfokea mchungaji, alimfokea seremala, na akida wa serikali alipokuja kwa kishindo chake, akafokewa naye mpaka akavua kofia.

Siku alipotaka kupanua bustani ya shule, alimwendea baba yake Mwaisha shambani na doti ya kitambaa mkononi. Mama alikuwa analima pale pale. Bibi Mwalimu akampita kama anayepita kisiki. Akamshukuru baba kwa ukarimu wake wa miaka yote, akaonyesha kwa kidole kipande anachokitaka. Baba akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Bibi, mimi hapa nimeoa tu," akasema. "Ardhi ni ya ukoo wa mke wangu. Hata hapo ilipo shule, aliyetoa ni yeye. Mwombe."

Bibi Mwalimu akageuka, kitambaa kikining'inia. Mama hakupandisha sauti.

"Sitoi, Bibi," akasema, akainamia jembe lake.