Samaki wa Mugeni

Juzi nilirudi Nchelenge, kule kando ya ziwa nilikokulia, na kabla sijatua muzigo nikaona mwalimu mumoja amechuchumaa nje ya nyumba ya watu, ananawa mikono, mutoto wa shule anamumwagilia maji. Usinicheke, ndugu yangu. Wivu ulinikaba palepale, mimi mutu muzima.

Shuleni kwetu kulikuwa na madamu asiyefundisha somo lolote. Kazi yake ilikuwa watoto wenye shida. Hakuwaita ofisini, aliwafuata kwao, akakaa chini, akala, na bukari, ugali wetu, ikiwa bado sahanini hakuuliza neno. Alikuwa akisema, mutu ambaye hujala naye utamuulizaje habari za moyo wake?

Kwa jirani alikuja kila juma. Mutoto wao alivuka ziwa na mujomba wake tu, wakapitia Kenani, kambi ya wakimbizi, na tangu hapo hakusema na mutu. Nikikaa barazani petu nilisikia sahani zinagongana, madamu anacheka, halafu siku moja, ee Mungu, yule bubu naye anacheka. Nilichukia. Kwani mimi sikuvuka ziwa? Lakini mimi nilivuka na nkambo, mama wa mama yangu.

Nkambo alijua kinachoniuma. Kila Ijumaa aliweka kando samaki mukubwa, akamupika kwa mawese, akinichokoza kwamba pengine leo madamu atapotea njia aingie kwetu. Mimi nikaanza kunyamaza darasani, nijifanye bubu, anione. Madamu alinipapasa kichwa tu.

"Wewe uko na nkambo," akasema, akapita.

Jioni tulikula samaki wa mugeni wenyewe, nkambo akinitolea miiba, mimi nimenuna.

Madamu alikuja kwetu siku moja tu. Nkambo tulikuwa tumemuzika jana yake. Alinawa, akakaa kwenye mukeka, akangoja, na jiko letu lilikuwa baridi. Ndipo mutoto wa jirani akaingia na bukari na chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, akaweka katikati, akakaa.

"Kula kwanza," akaniambia.

Tulikula watatu, bila swali.

Madamu alihamishwa zamani, na nyumba yetu imebaki tofali chache. Mutoto wa jirani simuonei wivu tena. Ninayemuonea ni yule mwingine, aliyekuwa anatolewa miiba huku amenuna kwa sababu mugeni hakuja.