Nafasi Yangu Ilipopata Mwenyewe

Siku mwalimu mpya alipofika shuleni kwetu, nilikuwa kidato cha tatu nafundisha ngeli za nomino. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaniomba nitoke kidogo. Pembeni yake alikuwepo kijana mwenye shati jeupe lililolowa jasho mgongoni. Alikuwa ameshuka kutoka Mbinga asubuhi ile, na mtu akitoka kwenye baridi ya milimani joto la ziwani humpokea vibaya. Mkuu aliniambia mbele yake kwamba serikali imetuletea mwalimu wa Kiswahili na Historia, tumshukuru Mungu, kwa hiyo nimkabidhi vipindi vyangu vyote kabla wiki haijaisha. Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili hunichemka.

"Madamu," alisema, "sasa utapumzika."

Nilikuwa nimefundisha pale zaidi ya miaka mitatu bila mshahara. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nimechoka.

Nilirudi darasani nikamalizia kipindi. Wanafunzi walikuwa wameshasikia kila kitu kwa sababu madirisha yetu hayana vioo. Niliandika mfano wa mwisho ubaoni, nikakung'uta chaki mikononi, nikatoka.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Kwetu ni juu, upande wa Mbinga, kwenye mashamba ya ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isituchukulie udongo. Baba alinisomesha mpaka chuo kikuu kwa kahawa na mahindi. Nilipomaliza alinipeleka misa ya kwanza, akanikalisha benchi la mbele, na watu waliotoka kanisani wote walinisalimia kwa jina la Mwalimu. Baba aliamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba mtu akisomea ualimu anakuwa mwalimu. Enzi zake ndivyo ilivyokuwa. Unamaliza chuo, unapangiwa kituo, unafunga begi.

Nikakaa nyumbani misimu miwili ya kahawa. Nilichuma, nikakoboa, nikaanika. Majirani walianza kwa kuuliza ajira zinatoka lini. Baadaye wakaacha kuuliza, na huko kuacha kuliniuma kuliko maswali yenyewe. Mwisho binamu yangu aliyeolewa ziwani, kijiji kimoja si mbali na Liuli, akaniambia kwamba shule yao ya kata haina mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa Kemia ndiye aliyekuwa anaingia kuwasomea kitabu. Niliaga nyumbani nikashuka.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana na watu wake sina ugomvi. Mkuu wa shule alikuwa mzee mwenyeji wa Tanga, mpole, mtu wa swala zake tano, amebakiza miaka michache astaafu. Alinipokea kwa mikono miwili. Alinipa Kiswahili madarasa yote, kisha Historia, kisha Uraia wakati mwalimu wake alipokwenda kujifungua. Nilishika zamu, nilisimamia mitihani, nililala hospitalini na msichana wa kidato cha pili aliyeshikwa na malaria kali kwa sababu mama yake alikuwa ng'ambo, Malawi. Hakuna kazi ya mwalimu aliyeajiriwa ambayo mimi sikuifanya, isipokuwa kupanga foleni benki.

Wazazi walikubaliana kwenye kikao kwamba watanitunza, na walinitunza. Mjane mmoja alinipa chumba. Watoto walikuja na unga, na usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa vizuri wamefungwa kwenye mfuko, na mara mojamoja samaki mkubwa, mbasa mzima. "Madamu, mama amesema pokea." Watu waliokuwa na kidogo ndio walionipa. Nalisema hili mapema ili hasira yangu isije ikaonekana imewagusa wao.

Katikati ya miaka hiyo nilipanda Songea kwenye usaili wa ajira za walimu. Sikujua kwamba tuko wengi kiasi kile. Walikuwepo wanawake wenye watoto mgongoni, walikuwepo wanaume wenye mvi wanaotafuta kuanza kazi. Kwenye usaili wa maandishi nilifaulu. Kwenye ule wa mdomo niliingizwa chumba chenye watu wazima watatu, nikaambiwa niwafundishe kama vile wao ni kidato cha pili. Nikawafundisha. Mmoja alikuwa anaangalia simu, nami kwa mazoea karibu nimwambie aiweke mezani. Walipouliza uzoefu nikaeleza kuhusu shule yetu ya ziwani. Aliyekaa katikati akaniambia kwamba hilo ni jambo jema sana, ila kwenye karatasi yake hakuna sehemu ya kulijaza.

Majibu yalipotoka niliambiwa nimefaulu lakini nafasi zimejaa, niendelee kusubiri. Nikarudi kufundisha. Nafasi iliyojaa huko karatasini, pale kijijini ilikuwa wazi, na mtu aliyesimama ndani yake nilikuwa mimi.

Kwa hiyo nilijua kabisa kilichotokea siku ile kijana alipoletwa. Naye alikuwa amefanya usaili kama wangu, kwao Mwanza. Yeye alipata. Alipangiwa wilaya ambayo hakuwahi hata kuisikia, akafika kituoni akiwa amepanda mabasi mpaka miguu imevimba. Chuo alimaliza nyuma yangu. Sikumchukia. Nilimwonyesha nani haoni ubaoni anatakiwa kukaa mbele, nani anatembea kutoka mbali asiadhibiwe akichelewa, nani anaonekana mjeuri lakini ni kwamba hasikii vizuri. Alinishukuru sana. Alikuwa kijana mstaarabu.

Ningeweza kurudi nyumbani wiki ileile. Sikurudi. Niliona aibu ya kupanda mlima na begi langu nikamwambie baba kwamba hata kazi ya bure nimenyang'anywa. Nikabaki kwa yule mjane, nikamsaidia shamba lake la mihogo.

Haukupita muda watoto wakaanza kupita nyumbani saa za masomo. Mwalimu hayupo, walisema. Amekwenda Mwanza. Akarudi, akakaa kidogo, akaondoka tena. Niliwaambia warudi shule, nami nikaendelea kupalilia, na kila nilipoinua jembe niliwaza vile vipindi vyangu vimekaa vitupu.

Ndipo mchana mmoja akaja yeye mwenyewe pamoja na mkuu. Mjane akawatolea viti, akaingia ndani.

"Dada yangu, nisikufiche," mwalimu alisema. "Mke wangu amejifungua na yuko peke yake kule. Uhamisho nimeshaomba. Nishikie vipindi tu, kimyakimya. Mwisho wa mwezi sitakutupa."

Nilimtazama mkuu. Nilitegemea kwamba hapo atakasirika, maana ni mzee aliyekuwa akiwafukuza wanafunzi kwa kunakiliana majibu ya mtihani. Akainamisha kichwa. Akasema kidato cha nne wana mtihani wa taifa, tuwaonee huruma watoto, na jambo lenyewe halina haja ya kufika mbali.

Nilianza na yule kijana.

"Kaka, kwamba umepata kazi, sina kinyongo. Ulifaulu, na mimi nilifaulu. Lakini kama kazi ni yako, ifanye. Kama huiwezi, irudishe ulikoitoa wampe mtu anayeitaka."

Kisha nikamgeukia mkuu. Sikupandisha sauti, kwa umri wake. "Mwalimu wangu, nilipofundisha bure ulisema huna cha kunipa, nikakuelewa. Leo mshahara wa kazi yangu umefika hapa shuleni, na bado unataka niupokee kwa mlango wa nyuma, kutoka mfukoni mwa mwingine."

Waliondoka, na viti vikabaki pale uani. Nilikaa shambani mpaka jioni nikilia, nikachimba mihogo ambayo haikuwa hata imekomaa. Mjane aliiona, akaipika hivyohivyo.

Baada ya siku chache walikuja kidato cha nne. Walisimama nje ya uzio na sare zao, wasichana mbele. Hawakuomba sana. Mmoja alisema tu kwamba ushairi hawajaugusa kabisa na mtihani unakuja. Nikakasirika upya, safari hii kwa sababu nilijua sitaweza kuwakatalia, na kila mtu aliyekuwa amenifanyia haya alijua hivyohivyo. Mambo yetu mengi yanaendeshwa hivyo. Wakubwa wanahesabu kwamba mwalimu hatawaacha watoto, na hesabu yao haikosei.

Nilikubali kwa sharti kwamba sitaingia kwenye lile darasa. Katekista alitupa baraza ya kanisa. Kila mchana baada ya masomo walinikuta pale, na ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Niliwaambia wazi kwamba nawafundisha wao, simfanyii mtu kazi yake.

Baraza ile ilionekana na kila aliyekuwa anakwenda ufukweni kununua samaki, kwa hiyo haikuwa siri. Kikao cha wazazi kilipofika, afisa elimu wa kata naye akiwepo, baba mmoja mvuvi alisimama akauliza inakuwaje mtoto wake anasomea kanisani na shule ina mwalimu. Mkuu akajibu kwamba mwalimu yuko ruhusa ya kifamilia. Yule baba akauliza ruhusa gani isiyo na mwisho. Mkuu akafuta miwani yake.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusema. Nilieleza yote kuanzia mwanzo kwa sauti ileile ya darasani, bila kumtukana mtu: nilivyofundisha, nilivyoondolewa, nilivyofuatwa nyumbani, nilichoombwa, nilivyokataa. Nilipokaa, afisa alinyanyuka, na wala hakumgeukia mkuu. Alinigeukia mimi. Alisema kwamba masuala ya watumishi hujadiliwa na watumishi, na mimi si mtumishi, kwa hiyo sina mamlaka ya kuyazungumza.

"Kwanza," akamalizia, "wewe hapa ni nani?"

Nilikuwa na shahada, nilikuwa na wanafunzi, nilikuwa nimefaulu usaili, na kwa swali lile sikuwa na jibu hata moja. Ndipo yule mjane akasimama kule nyuma kwa kina mama. Hakuwahi kusema kwenye kikao tangu nimjue. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyasa ndani yake, alikisema taratibu.

"Baba, shikamoo. Huyu ni mwalimu wetu. Sisi tunaomba kumjua huyo mwingine."

Kikao kilivunjika bila maazimio. Afisa aliahidi kulifuatilia jambo. Yule kijana alirudi, akafundisha wiki kadhaa vizuri kabisa, kwa sababu kufundisha alikuwa anajua. Kisha uhamisho wake ukatoka. Alikuja kuniaga, akanionyesha picha ya mtoto kwenye simu. Nilimtakia safari njema, na nilimaanisha. Watu walewale walioniacha mimi mlangoni ndio waliomtupa yeye mbali na mke wake. Kuna mwalimu asiye na darasa na kuna darasa lisilo na mwalimu, viko kijiji kimoja, vinatazamana, na ofisi nzima yenye magari na mihuri haioni njia ya kuvikutanisha.

Kidato cha nne walifanya mtihani. Kiswahili walifaulu vizuri kuliko somo jingine lolote, na nasikia kwenye mahafali mgeni rasmi aliupongeza uongozi wa shule. Mimi nilikuwa nimeshapanda milimani.

Sasa niko kwenye mgahawa wa shangazi, kando ya barabara, malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapopumzika. Napika wali na maharage kwa madereva, nywele zangu zina vumbi jeusi hata siku za Jumapili. Binti tunayefanya naye kazi alisomea ualimu wa Biolojia. Tukiwa hatuna wateja tunachambua maharage, hatupendi kuzungumzia vyuo. Baba ameacha kuniita Mwalimu mbele za watu. Anafanya hivyo kwa huruma, najua, na ndiyo maana siwezi kumwambia aendelee.

Shule zilipofunguliwa mkuu alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya wazazi na hali ya kahawa. Kisha akasema nafasi ya Kiswahili iko wazi tena, mwalimu mwingine hajaletwa, na watoto wananitaja. Akaniomba nije nijitolee.

Nilimwambia sitakuja. Akasema ananielewa, na akaongeza kwamba angekuwa na uwezo angeniajiri yeye mwenyewe. Nadhani alisema kweli. Nilikata simu nikaenda kuosha sufuria, na nilizisugua mpaka shangazi akaniambia nitazitoboa.

Wiki iliyopita tangazo la usaili lilitoka tena. Yule wa Biolojia amesema yeye haendi, imetosha, na kwa kila alichosema ana haki. Nilimsikiliza nikitingisha kichwa kukubali. Jioni nilifua gauni langu la bluu, nikaanza kutafuta somo nitakalowafundisha wale watu wazima watatu. Nina hasira na wao, na wakubwa wao, na karatasi yao. Lakini kinachonikasirisha kuliko yote ni kwamba bado naitaka kazi hii, na wao wanajua.