Nilibisha Hodi Kwenye Magofu ya Peru, Nikaitikiwa kwa Kiswahili

Jamani, mimi sina tabia ya kuongopa mtandaoni. Hili lilinitokea mwaka jana, na hadi leo nikilikumbuka kwenye treni nacheka peke yangu, watu wananihama siti.

Nilikuwa Peru. Ndiyo, Peru hiyohiyo ya Amerika Kusini.

Nimesimama kwenye magofu ya mji wa kale uliojengwa kwa matofali mabichi ya udongo, mji ambao wenyewe walishaondoka mamia ya miaka iliyopita. Mbele yangu kuna uwazi kwenye ukuta, ndio mlango wenyewe.

Nikasema, "Hodi!"

Mazoea tu. Mimi mtoto wa Uyole, Mbeya, huwezi kuniambia niingie nyumba ya watu kimyakimya kama mwizi.

Ndani sauti nzito ikajibu, "Karibu. Pita."

Kwa Kiswahili!

Nilitoka nduki.

Ngoja nianzie mwanzo, la sivyo mtasema nimechanganyikiwa.

Naitwa Ulimboka. Naishi Sydney, nasoma chuo pale Kensington, na kazi yangu ya kuniweka mjini ni kuhudumia wazee. Nilikuwa na mchumba anaitwa Vicky, nesi, mtoto pekee wa Mzee Ponsian wa Liverpool. Si ile Liverpool ya mpira, ni hii yetu ya kusini magharibi mwa Sydney.

Mzee Ponsian alikuwa mwalimu wa historia Bukoba. Huku akaendesha basi mpaka akastaafu. Mtu safi kabisa. Tatizo lake moja tu, hakutaka kunipokea.

Na wala hakuwahi kunikataa! Hapo ndipo nilipokuwa nachoka.

Mzee ana msimamo wake, Watanzania wote wa Liverpool wanaujua. Mtu akibisha hodi, akakaribishwa, akanywa hata chai, huyo ni mgeni wake, na mgeni hanyimwi alichokuja kuomba. Kwa hiyo dawa yangu mimi ilikuwa rahisi mno. Hakuitikia hodi.

Nilikwenda na mshenga wangu, Mkenya anaitwa Wekesa. Tumepiga suti, tumebeba kitenge cha kumpa mama yake Vicky. Tunabisha. Gari lipo nje. Televisheni inaunguruma ndani, mara ikazimwa.

"Buda," Wekesa akaninong'oneza, "huyu mzee ako ndani. Nimeona pazia ikisonga."

"Bisha tena."

"Nimebisha hadi jirani ametoka!"

Kweli, jirani yao, mama mmoja wa Kizungu anaitwa Cheryl, alikuwa anamwagilia maua. Akatuambia kwa Kiingereza kwamba Ponsian yupo, amemwona sasa hivi akichungulia. Kisha akatupa pole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulirudi Pasaka. Tulirudi Krismasi. Tulirudi hata siku ya mvua, nikidhani mvua itamtia huruma. Wapi!

Vicky akachoka. Siku moja tumekaa kituo cha treni akaniambia, "Uli, mimi bila baba siolewi, na siwezi kumlazimisha. Nakupenda, ila nimechoka kusimama katikati yenu."

Macho yamemjaa machozi. Nikajua kabisa, huyu naye anaondoka.

Wiki iliyofuata akaniletea tiketi ya ndege. Peru!

"Mimi nimenyimwa likizo," akasema. "Nenda ukapumzishe akili. Kuna mji wa kikoloni huko pwani, na magofu ya udongo karibu yake. Ukirudi tutaamua."

Nikaipokea huku moyo unauma. Nilijua ndiyo zawadi ya kuagana. Wenzetu wana ustaarabu wao wa kumwacha mtu.

Mji unaitwa Trujillo. Waliujenga Wahispania, na jamani, ule mji una rangi! Nyumba hii njano, inayofuata bluu, nyingine damu ya mzee. Madirisha yana nondo nyeupe zimesukwa kama lesi, na roshani za mbao zinachungulia barabara. Ni mji wa fungate ule. Mimi nauzunguka peke yangu kama mjane.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye magofu. Yanaitwa Chan Chan. Waliishi pale watu wanaoitwa Wachimu, kabla Wahispania hawajafika. Kuta ndefu za udongo zimechongwa samaki na ndege wa baharini, nyingine zimetobolewa mfano wa nyavu. Ukungu wa bahari umetanda na watalii ni wachache.

Halafu kuna mbwa. Mbwa mweusi, mwili mzima hana unyoya! Baadaye nikaambiwa wa huko ndivyo wanavyozaliwa, lakini wakati ule nilijua ameungua. Nikamwambia, "Pole, mwenzangu." Akanipenda hapohapo, akanifuata.

Kwa hiyo nilipobisha hodi, nikaitikiwa, nikatoka nduki, mbwa alijua tunacheza. Akanikimbiza. Mimi napiga kelele, yeye anafurahi.

"Wewe! Acha kukimbia kwenye nyumba ya watu!"

Miguu ikagoma. Sauti ile naijua.

Nikageuka. Kwenye ule uwazi amesimama Mzee Ponsian mwenyewe, kofia ya pama kichwani, chupa ya chai mkononi.

Tukaangaliana. Mbwa akatuangalia wote wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Polepole akili zikaanza kunirudia.

"Mzee, mimi nilibisha hodi."

"Nimesikia."

"Na wewe ukasema karibu."

"Nilisema."

"Tena mbele ya shahidi." Nikamwonesha mbwa.

Mzee akamkagua mbwa kuanzia masikio hadi mkia. "Shahidi gani huyu amekuja uchi?"

Lakini akasogea, akanipisha. Nikapita ndani. Kukaa juu ya kuta hakuruhusiwi, kwa hiyo tulisimama tu. Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Niliinywa yote kwa mkupuo kabla hajabadili mawazo. Ulimi ukababuka, sikujali.

"Haya," akasema. "Umekuja kuomba nini?"

"Mzee, mshenga wangu yuko Sydney, kazini."

"Kwani wewe huna mdomo?"

Hotuba yote niliyoiandaa kwa miaka miwili ikayeyuka. "Naomba kumwoa Vicky, baba. Basi. Sina lingine."

Akatazama zile kuta muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa."

Sawa! Nililia palepale, mwanaume mzima, mbwa ananiramba viatu.

Mchana tukarudi mjini kula. Tukaletewa samaki mbichi aliyekamuliwa ndimu, ndicho chakula chao. Mzee akamgeuza geuza kwa uma na kuuliza kama jiko limeharibika. Tukampigia mama yake Vicky kwa video. Huko Sydney ni alfajiri, lakini simu ikapokelewa hapohapo na watu wawili, mama na Vicky, eti likizo alinyimwa! Nilipomwambia mzee kakubali, vigelegele vilipigwa hadi mhudumu akaja kuangalia.

Kumbe safari ya mzee ilikuwa zawadi ya mama, ya kustaafu. Na tiketi yangu ikakatwa ya wiki hiyohiyo makusudi.

"Nyumbani ana pazia la kujifichia," mama akasema huku anacheka. "Nikamtafutia nyumba isiyo na pazia."

Simu ilipokatika, mimi kichwa kimevimba. Nikajiachia. "Mzee, samahani, lakini leo tumekunasa."

"Mmeninasa?" Akaweka uma chini. "Jana jioni ulikaa wapi?"

Samaki akanikwama kooni.

Hapa lazima niwaambie jambo nililoliruka kwa aibu. Jioni ya kwanza nilikaa kwenye benchi pale uwanja mkubwa wa Trujillo, nikamrekodia Vicky ujumbe wa sauti. Kwa sauti ya juu kabisa, maana nani Peru anajua Kiswahili? Benchi la nyuma kulikuwa na mzee amejifunika kofia usoni, nikajua amelala.

Nililia kwenye ule ujumbe. Nikasema, "Vicky, baba yako simlaumu. Ningekuwa na binti kama wewe, mlango na mimi ningeufunga. Ukiniacha, usigombane naye kwa ajili yangu. Yeye unaye mmoja tu."

"Nilikuwa nasubiri unitukane," mzee akasema. "Nilisubiri mpaka mwisho. Nilitaka sana unitukane, nipate sababu."

Akasogeza sahani ya samaki pembeni.

"Leo nimezunguka vile vyumba asubuhi nzima. Nyumba kubwa vile, hakuna hata mtu mmoja. Nikawaza, Vicky akiondoka kwangu ndiyo itakuwa hivi. Mimi na mama yake tunaitana kutoka chumba hiki hadi kile. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, kijana, wala si wewe." Akapangusa macho na kitambaa cha mezani. "Uliposema hodi nilijua ni wewe. Sauti yako naisikia mlangoni miaka miwili! Nikaona nisipoitikia hapa, sitaitikia tena popote."

Basi, mwerevu mimi niliyedhani nimemtega mzee, kumbe yeye ndiye aliyenifungulia mlango kwa hiari yake.

Ndugu zangu mnaohangaika na wakwe, funzo langu ni hili. Mzazi akikunyima binti, usikimbilie kusema ana roho mbaya. Huenda anaogopa kubaki peke yake, na hana wa kumwambia. Muulize anaogopa nini. Utashangaa.

Sisi tulioana mwezi wa pili na kupanga nyumba mtaa wa pili kutoka kwao. Sasa kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso, baba mkwe yuko mezani kwangu anauliza kwa nini watu wa nyumba hii wanachelewa kuamka.