Nyumba ya Kulala Kalehe

Mimi ni karani pale Kituku, bandari ndogo ya Goma, ninaandika mizigo inayopanda boti za kwenda Bukavu. Nimevuka ziwa mara nyingi, lakini boti ya bei ya mtu kama mimi husafiri usiku, kwa hiyo ziwa Kivu lote nalijua kama giza lenye harufu ya mazuti ya injini. Rafiki yangu, dereva wa pikipiki tunayepanga naye nyumba za kiwanja kimoja huku mtaa wa Majengo, aliona hiyo ni aibu. Jumapili moja mchana, akiwa anapaka oili mnyororo wa pikipiki yake, aliniambia twende kwa barabara.

"Sake, Minova, Kalehe, mpaka Bukavu," alisema. "Maji itakuwa kwa kushoto njia yote. Weye utaketi tu nyuma na kuangalia."

Nilikubali haraka kuliko alivyotazamia. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kulizungusha. Tangu mke wangu afariki, watu wananisalimu kwa sauti ya chini na kupita. Rafiki huyu peke yake ndiye aliyeendelea kunitania, na utani wake nilikuwa nausubiri kutwa nzima pale bandarini.

Hoteli tuliifuta kabla hata ya kuizungumzia. Yeye angeleta pikipiki, mimi mafuta yake, pamoja na mkate na sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, wa kula njiani. Kulala tungelala kwa ndugu.

"Minova, tantine yangu iko. Bukavu, kaka yangu mukubwa iko," alisema, tantine akimaanisha shangazi yake. "Inabaki Kalehe. Kalehe njo yako."

Yaani nyumba ya Kalehe niitafute mimi. Hakuwa na ubaya wowote, ila nilimkasirikia. Alijua vizuri kwamba Kalehe sina nyumba nyingine ila ya mama mkwe wangu. Na alijua kwamba kwa mama mkwe hakulaliwi.

Kwetu mambo hayo hayana mchezo. Miaka yote ya ndoa yangu, tulipokwenda Kalehe, mke wangu alilala ndani kwa mama yake, mimi nikapelekwa kwa jirani. Nilikula uani na mashemeji. Mama mkwe alinisalimu kutoka mbali, uso ameugeuzia ukuta, akiniita "papa" ingawa angeweza kunizaa. Tukikutana njiani, mimi ndiye niliyeingia majanini ili apite. Nilikuwa nikinung'unika kwamba kitanda cha jirani kina kunguni. Mke wangu alicheka, akasema hiyo ndiyo bei ya kuoa binti wa watu.

Hatukujaliwa mtoto. Kwa hiyo alipokufa hakuna aliyebaki wa kuniunganisha na ukoo wake, isipokuwa mimi mwenyewe na neno lile, mkwe. Kwa upande wangu wazazi walikwisha kufa zamani. Nilipokuwa nikisema "watu wangu", nilikuwa nafikiria Kalehe, na tangu mazishi sikuwa nimewapigia simu. Niliogopa nitakachosikia.

"Piga tu," rafiki yangu alisema. "Kama atakatala, tutalala hata kwa misioni."

Nikapiga, simu nimeiweka kwa sauti ili na yeye asikie.

"Mama, ni miye wa Goma," nilisema. "Tunapita huko na rafiki. Tunaomba utuulizie fasi ya kulala kwa jirani, kama siku zote."

"Mutoto yangu," alisema. "Uko muzima?"

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikajibu kwamba niko mzima.

"Kwa jirani mutafanya nini? Kujeni hapa kwangu. Chumba ya dada yako iko bure, nitatandika mwenyewe."

Dada yako. Alikuwa anamsema mke wangu.

"Mama, na desturi je?"

"Ile ilikuwa ya mukwe," alinijibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo kichwani. "Ile iliisha, mutoto yangu. Uko kijana bado, utaoa fasi ingine. Hapa ukuje kama mutoto tu, ule, ulale."

Nilimshukuru. Ni mwanamke mwema, na najua alinipa alichokuwa nacho. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa. Moyoni nilitaka kukataliwa. Angegomba kidogo, angesema nimekosa adabu, ningekata simu nikiwa bado mkwe wa watu.

Rafiki yangu alikuwa amefurahi, anapangusa mikono kwa kitambaa. Nyumba zote zimepatikana, bila kutoa makuta, hata senti moja.

"Weye utalala ndani," nilimwambia. "Miye nitaenda kwa jirani."

"Kwa nini? Mama mwenyewe amekuita."

"Nitaenda kwa jirani."

"Jirani atataka sukari, atataka sabuni. Itatuongezea makuta."

"Nitalipa miye."

Aliniangalia, akaanza kunitania, kisha akaacha. Akarudi kwenye mnyororo wake. Sikumweleza, maana sikuona namna ya kulisema bila kulia mbele yake. Nilitaka kulala kwa jirani, kwenye kile kitanda cha kunguni, usiku mmoja tu, kama mtu ambaye mke wake amelala nyumba ya pili kwa mama yake.