Nilivyoupoteza mzabibu wangu kwenye msiba wa baba

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi ni msomaji tu, leo nimeshindwa kukaa kimya. Sina sababu ya kudanganya, maana stori yenyewe inaniaibisha mimi.

Nilifanya kazi kwenye shamba la zabibu Dodoma miaka sita. Nikarudi nyumbani, juu kidogo ya Tengeru, na wazo moja: kupata zabibu ya divai inayovumilia mvua za Meru. Ile ya Dodoma ukiileta huku, ukungu unamaliza majani kabla hujaonja kitu.

Sasa Kijenge, Arusha mjini, kulikuwa na mzabibu wa zamani kwenye uzio wa nyumba moja. Haujawahi kupigwa dawa, na majani yake safi kabisa. Shida ni zabibu zake, zinanukia sabuni.

Nikaamua kuchanganya hizo mbili.

Kwa wasiojua, ua la zabibu ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na lina dume na jike humo humo. Unaliwahi kwa kibano kabla halijafunguka, unatoa dume lote, unafunika kishada kwa bahasha ya kaki. Baada ya siku mbili unapaka chavua ya mzabibu wa pili kwa brashi. Shingo inauma balaa.

Baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa anaweka kigoda karibu ananicheka. "Unaozesha maua bila mahari," aliniambia.

Mbegu nikazilaza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji miezi mitatu. Mke wangu alinuna, nyama ilikosa nafasi. Ikaota miche kama mia mbili. Dawa sikupiga makusudi, nilitaka wa kufa ufe. Ikafa karibu yote.

Mwaka wa nne, mche mmoja tu, pembeni ya nyumba ya baba, ulikuwa na majani mazima na zabibu nyeusi tamu, bila ile harufu. Baba alionja moja, akachukua nyingine. Akasema, "Hii ingefaa meza ya Bwana." Wakuu, nilijificha kwenye migomba nikalia.

Hapa mnielewe vizuri. Mbegu ya zabibu haimrudishi mama yake. Kila mbegu inatoa mti wa kwake. Ukitaka mti ule ule, lazima ukate vijiti vyake uvipande.

Dada yangu Upendo aliomba kijiti kimoja tu, apande kwenye ukuta wake Njiro. Nikamwambia asubiri mavuno ya tatu nijiridhishe. Uongo. Niliogopa usije ukasambaa kabla haujajulikana kuwa ni wangu.

Miezi miwili baadaye presha ikamchukua baba.

Siku moja kabla ya mazishi nilishinda mjini nikihangaikia jeneza na mambo ya mochwari. Narudi jioni, kaburi limeshachimbwa. Pale pale kwenye mzabibu. Mizizi imetolewa na udongo, majani wamekula mbuzi, matawi yako motoni chini ya masufuria ya wapishi.

Nilivuta vipande vilivyobaki, nikavitia kwenye ndoo ya maji. Watu walidhani nimechanganyikiwa na msiba. Havikuchipua hata kimoja.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini pale. Akanijibu kwa upole kabisa.

"Mwenyewe alituagiza tumlaze karibu na zabibu ya mwanawe. Vijana wakaona hakuna pa kupitishia jeneza, wakaung'oa."

Ningemlaumu nani? Siku ya kuzika baba yako huwezi kusimama mbele ya wazee wa ukoo ukalilia mti.

Kurudia project upya siwezi. Hata nikizioanisha tena zile mbili, hautatoka ule. Nimechoka, na sioni tena faida ya kujaribu.

Nilichojifunza ni kwamba ukipata kitu kizuri, mgawie mtu siku hiyo hiyo. Mnyimwa ni wewe mwenyewe. Upendo hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na nikienda kwake Njiro naweka kiti nikiupa mgongo ule ukuta.

Mwenye la kusema aseme, hata la kunichamba nitalisoma. Kwenye friji nimebaki na mbegu kidogo za mti ule. Ila nawaomba, asitokee wa kuniambia nizipande.